Kwa nini Endeavour ilishindwa

Ndugu yangu Omari,

Salamu nyingi, na natumai wote nyumbani hawajambo. Umeuliza ilikuwaje Endeavour, ile mashua ya matanga ya Uingereza, ishinde mbio mbili za mwanzo pale Newport, Marekani, mwaka 1934, halafu irudi Uingereza bila Kombe la America, lile shindano kubwa la mashua za matanga.

Wengi huwalaumu mabaharia. Ni kweli baadhi ya wale wa kulipwa walidai nyongeza ya mshahara, Sopwith, mwenye mashua na nahodha wake, akakataa, akajaza nafasi zao kwa watu wa klabu ya mashua, wasio wa kulipwa. Chombo cha chuma cha karibu mita 40, chenye matanga ya mita za mraba 700 hivi, si cha kujifunzia. Lakini hao hao ndio walioshinda zile mbili!

Kosa kubwa ni la mbio ya tatu. Endeavour ilizunguka boya la mwisho ikiwa mbele kwa zaidi ya dakika sita. Upepo ulikuwa umelegea na kugeuka, kiasi kwamba iliweza kufika mwisho kwa njia moja iliyonyooka, bila kubisha, yaani bila kugeuza upande ili kuukabili upepo. Kwenye Rainbow, mashua ya Wamarekani, nahodha Vanderbilt alishakata tamaa, akamwachia usukani mwenzake Sherman Hoyt. Hoyt akapandisha joshi, yaani upande upepo unakotoka, juu kabisa ya njia iliyonyooka, kana kwamba mstari wa mwisho uko huko. Sopwith akaingiwa na shaka, akapiga bisho ili amzibie mpinzani upepo. Kumzibia anayekufuata ni kanuni nzuri mnapobisha wote, lakini pale haikuhitajika. Chombo kizito kikibisha katika upepo hafifu hupoteza karibu mwendo wote, na kuurudisha huchukua dakika nyingi. Rainbow ilipita bila kupunguza kasi, ikashinda kwa dakika tatu na ushee. Angekaza njia yake tu, ingekuwa 3–0.

Mbio ya nne wakakaribiana mno, Sopwith akataka kushtaki. Bendera ya malalamiko ilipaswa kupandishwa palepale. Yeye aliipandisha alipokaribia kumaliza, kama ilivyokuwa desturi ya Waingereza. Kamati ya mbio ikakataa hata kulisikiliza shauri. Hapo nadhani roho ilivunjika: mwisho wa yote 4–2.

Lile tanga la mbele la pembe nne la Endeavour, ubunifu wa Nicholson aliyeisanifu mashua hiyo, Wamarekani walishaliona mapema wakashona la kwao, kwa hiyo halikuwasaidia Waingereza sana.

Chombo chenyewe kipo. Elizabeth Meyer alikinunua mwaka 1984 kikiwa gofu lenye kutu, kikarudi kutweka matanga 1989.

Nisalimie wote.

Wako,
Salim