Barua kwa mwanangu: nenda kwa hao farasi

Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Huku hatujambo. Mama yako anaendelea na dawa zake za presha, na kaskazi imeshaanza kuvuma.

Mkazamwanangu amenieleza kwamba hospitali ya wanajeshi wastaafu imekupa nafasi katika tiba ya farasi, nawe umeikataa. Umesema hukwenda vitani ili urudi kuchezeshwa na wanyama kama mtoto. Sikuandikii kukulaumu. Nakuandikia kwa sababu wanyama nimeishi nao, na ninataka uende.

Nilimwomba dadako anitafutie habari za tiba hii, maana yeye ni muuguzi na anajua kuchuja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliwachukua wanajeshi wastaafu 63 wenye kiwewe cha vita kama chako, wakawakutanisha na farasi mara moja kwa wiki, dakika 90 kila mara, kwa wiki 8. Hakuna aliyepanda. Walimkaribia farasi, wakamsugua kwa brashi, wakamwongoza kwa kamba, na mtaalamu wa tiba ya akili yupo pamoja nao, na mtu wa farasi yupo. Matokeo yalichapishwa 2021: kiwewe kilipungua, huzuni ilipungua, na miezi mitatu baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Dadako akaniongezea, nami sikufichi, kwamba hapakuwa na kundi la pili la kulinganisha, kwa hiyo mtu hawezi kuapa kwamba ni farasi tu waliowapa ile nafuu. Mimi hilo halinivunji moyo, kwa sababu nikimtazama farasi alivyoumbwa naona kwa nini angekufaa wewe hasa.

Farasi ni mnyama anayewindwa. Macho Mungu amemwekea pembeni mwa kichwa, anaona karibu nyuzi 350, kasoro mbele kabisa ya paji lake na nyuma ya mkia. Masikio yanageuka kila moja kivyake. Anaweza kusinzia kwa miguu yake, ili likitokea la kutokea awe ameshaondoka. Sasa mkazamwanangu anasema wewe mkahawani huketi mpaka uupe ukuta mgongo na mlango uuone. Gari likibamizwa mlango, umeruka. Usiku unazunguka nyumba ukikagua komeo. Baba, farasi angekuelewa bila maelezo. Ila yeye anacho kitu ambacho vita vimekunyang'anya: kwake hatari ikishapita, imepita. Anashusha kichwa, anatoa pumzi ndefu, analamba midomo, anarudi kwenye majani yake. Nataka ukalione hilo kwa macho yako, karibu, mara nyingi.

Tena yeye husoma mwili. Ukimwendea umeuma meno, mabega yamepanda, pumzi umeibana, atajitenga hata kama usoni unacheka. Ukilegea, atasogea. Sisi unatuambia kwenye simu "niko sawa, baba," nasi tunanyamaza kwa kukustahi. Farasi atakujibu kwa kile ulicho nacho dakika ile, na yule mtaalamu atakuuliza: umehisi nini alipogeuka? Kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Unamkumbuka yule punda jike wa kijivu niliyemnunua Matondoni? Alikuwa amepigwa sana kule alikotoka. Mtu akinyanyua mkono hata kujikuna, analaza masikio na kukupa mateke. Nilikuwa nakaribia kumuuza. Wewe ukitoka chuoni ulikuwa ukikaa juu ya kile kiukuta cha zizi, unamenya embe, maganda unamtupia, kila siku karibu kidogo na miguu yako kuliko jana. Hukumgusa. Hukumwita. Mama yako akikutuma dukani ulikuwa mtoto wa haraka kupita wote, lakini kwa yule punda ulikuwa na subira ambayo mimi mtu mzima sikuwa nayo. Siku moja akaja mwenyewe, akala ganda mkononi mwako, akabaki pale pale. Baadaye ndiye aliyebeba shogi za mawe zilizojenga chumba chako. Hakuna aliyekufundisha kufanya vile. Unayajua haya tangu zamani.

Na kuhusu utoto: Suratul Aadiyat uliihifadhi ungali mdogo. Mola anaapa kwa farasi waendao mbio wakihema, farasi wa vita hao. Na Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, amesema kheri imefungwa kwenye nywele za paji la farasi mpaka Siku ya Kiyama. Kwa hiyo askari kusimama na farasi si jambo la kumwonea haya mtu. Isome tena sura ile mpaka mwisho. Inaanza na farasi, inamalizikia kwenye yaliyomo vifuani kutolewa nje. Najua hiyo ni habari ya Kiyama. Hata hivyo, tangu nipate ujumbe wa mkeo nimekuwa nikiisoma nikikufikiria wewe.

Ukienda, usimwendee kwa mbele wala kwa nyuma. Pitia ubavu wa kushoto, usawa wa bega, asikie sauti yako kwanza, kisha umguse shingo, si uso. Huyu si punda wetu: anaweza kufika kilo 500, na punda akiogopa husimama, farasi hukimbia. Muulize mtaalamu kama ana leseni ya kutibu akili, maana kuwajua farasi hakumfanyi mtu ajue kiwewe. Dawa zako usiache, na daktari wako usimwache. Hii ni nyongeza. Na mtazame mnyama mwenyewe, kwato, mbavu, mgongo. Tangu ile kliniki ya punda ifunguliwe hapa mjini 1987 nimezoea kutazama mgongo wa mnyama kabla ya kumsikiliza mwenye mnyama. Ukikuta vidonda, ondoka, utafute mahali pengine.

Nafasi wanaifunga mwisho wa mwezi. Wapigie Jumatatu. Mimi sitakuhoji uliyoyasema huko wala uliyoyalia. Ukitaka mwenyewe kunieleza, nipigie baada ya Isha ya huku, simu ninayo kitandani.

Mama yako anakusalimu sana, anasema wajukuu wake wapelekwe wakaone farasi pia, ila wasipande mpaka wewe uwepo.

Wabillahi taufiq.

Babako