Barua kwa mwanangu: gesi niliyoimwaga

Magomeni, Dar es Salaam

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Huku hatujambo sote, ila joto. Jana umeme ulikatika saa nne usiku, tukatandika mkeka barazani mimi na mama yako na mdogo wako, na hata huko barazani jani halikutikisika. Mama yako alikuwa anammwagia mdogo wako maji ya kikombe mgongoni mpaka mtoto akapitiwa na usingizi.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa Kariakoo, juu ya ngazi, nje ya duka moja la vitambaa. Nikaurudia mara tatu. Umesema fundi anayekusimamia kwenye mafunzo kwa vitendo alikuamuru ukate paipu ya AC mbovu ili gesi itoke, ukamwambia chuoni mmekatazwa, akakujibu kwamba hiyo ni hewa tu, inapanda juu na kupotea. Kisha ukaniuliza: "Baba, hivi na wewe ulikuwa unamwaga?"

Nilikuwa namwaga, mama. Miaka mingi. Nilianza na R12, gesi ya kupozea ya mafriji ya zamani, nikaja R22, nikaja R410A, zile za AC. Nilikuwa nalegeza nati kwa spana, ile sauti ya "sss" inatoka, paipu inaota barafu nyeupe, nami nakaa pembeni nakunywa maji nikisubiri iishe. Ndivyo nilivyofundishwa na aliyenifundisha, na ndivyo nilivyowafundisha vijana wawili kabla yako. Sikutaka kukujibu haya kwa simu ukiwa umesimama stendi, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unakumbuka jambo la kwanza nililokwambia ulipoanza kunibebea begi la vifaa? Friji halitengenezi baridi. Linachukua joto lililo ndani na kulitoa nje, basi. Joto halifi, linahamishwa. Ndiyo maana AC zote nilizofunga pale Kariakoo zinampoza mwenye duka, na kule uchochoroni zinampulizia joto lake mama anayekaanga mihogo. Na unajua kondensa, ile sehemu ya nje inayotoa joto, ikizibwa na vumbi inakuwaje: joto halina pa kutokea, kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, inaunguruma, geji za kupimia mgandamizo zinapanda, mwisho mashine inaungua.

Sasa itazame dunia hivyo hivyo. Inapokea joto la jua mchana, na inalirudisha angani usiku na mchana. Hiyo anga ndiyo kondensa yake, hakuna nyingine. Hewa ukaa, methane na hizi gesi zetu zinakaa katikati na kulizuia joto lisitoke lote. Kiasi fulani kilikuwepo tangu zamani na tunakihitaji, bila hicho dunia ingekuwa barafu. Tatizo ni tulichoongeza. Kabla ya viwanda vya makaa ya mawe huko Ulaya, katika kila chembe milioni moja za hewa, 280 hivi zilikuwa hewa ukaa. Mwaka 1958 mwanasayansi Charles David Keeling alianza kuipima juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, akakuta 315. Sasa zimepita 420. Makaa ya mawe, petroli, dizeli, gesi, misitu inayofyekwa. Na methane ya mifugo, mashamba ya mpunga na majalala. Mkaa wetu wa gunia nao umo, misitu ya Pwani na Kisarawe inaujua. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote tangu watu waanze kupima, kwa takriban nyuzi 1.5 juu ya joto la zama zile za kabla ya 1900.

Hapo ndipo inapoingia kazi yetu, na hapa naomba usome polepole. Kilo moja ya R410A ikiachiwa hewani, kwa hesabu ya miaka 100 inaleta joto sawa na tani mbili na kitu za hewa ukaa. Kilo moja kwa tani mbili! AC ya kawaida ya chumba hubeba kama kilo moja hivi. Lita ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 za hewa ukaa, kwa hiyo ile "sss" ya dakika chache ni sawa na kuchoma lita 900 hivi za petroli. Bajaji ya jirani yetu ingezunguka mji huu muda gani kwa lita 900? R22 haiko mbali na hapo, na yenyewe inakula pia tabaka la ozoni, lile la juu angani linalotukinga na miale mikali ya jua. R12 ndiyo mbaya kuliko zote hizo.

Usidhani wakubwa hawajui. Mwaka 1987 mataifa yalikubaliana Montreal kuziondoa gesi zinazoharibu ozoni, na yakatekeleza, na ozoni inapona. Hilo linanipa moyo kuliko hotuba yoyote, maana ni kazi ya fani yetu iliyofanyika na matunda yanaonekana. Lakini gesi zilizoletwa badala yake, kundi la HFC, ambamo R410A imo, hazina ubaya kwa ozoni ila zinahifadhi joto vibaya sana. Ndipo Oktoba 2016 wakakutana hapa jirani, Kigali, wakapatana kuzipunguza kwa zaidi ya asilimia 80 katika muda wa miaka 30 hivi. Wataalamu wanasema ikitekelezwa itaepusha hadi nusu nyuzi ya joto ifikapo mwisho wa karne. Ndiyo maana mnafundishwa R32 na R290, gesi zinazohifadhi joto kidogo kuliko hizo. Lakini mkataba wa Kigali hauwezi kupanda ngazi Kariakoo ukafunga vali. Anayepanda ni mimi na wewe.

Umeniuliza pia, kwa uchungu, kwa nini tujibane sisi ilhali Afrika nzima inatoa kama asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia inayotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi, na Marekani peke yake imetoa karibu robo ya yote tangu mwanzo. Uchungu wako ni wa haki na usiuache. Waliopasha dunia moto wanadaiwa, na deni hilo walilipe. Ila mwanangu, maji hayaulizi nani alikosa.

Ulikuwa na miaka mitano. Desemba 2011 tulikuwa bado tumepanga bondeni, karibu na Jangwani, kwa sababu kodi ilikuwa ndogo. Maji ya Msimbazi yalipita chini ya mlango, mara yakafika magotini, nikakubeba mabegani. Friji la mteja nililokuwa nalitengeneza liliinuka likaelea, likawa linagonga ukuta, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kutokea ndani. Ulishika sikio langu la kushoto na hukuliachia mpaka tulipofika barabarani Magomeni. Watu takriban 40 walikufa mjini humu siku zile. Wengi wa majirani zetu walipelekwa Mabwepande kuanza upya, sisi tukaja hapa kwa baba yako mdogo. Friji lile nililipa kidogo kidogo mpaka 2013.

Sisemi mafuriko yale yaliletwa na joto peke yake. Tulijenga bondeni, takataka zilijaza mto, mifereji ilikuwa imeziba. Lakini hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, kwa kila nyuzi moja inayoongezeka mvuke huweza kuzidi kwa asilimia 7 hivi. Wewe hilo huhitaji kuhadithiwa. Umeiona ndoo tunayoweka chini ya bomba la AC: mwezi wa saba, kipupwe, inakaa mchana kutwa haijajaa, mwezi wa tatu hewa ikiwa nzito unaimwaga kabla ya adhuhuri. Maji yale yote yalikuwa yanaelea ndani ya chumba kimoja. Yakiwa juu ya Bahari ya Hindi nzima na upepo ukayaleta kwetu, ndiyo masika ya 2024. Mwaka ule Waziri Mkuu alitangaza bungeni Aprili kwamba watu 155 wamekufa nchini kwa mafuriko. El Niño ilikuwepo, ndiyo, lakini imekuta bahari yenyewe imeshapata moto.

Kwa hiyo ukirudi kwa huyo fundi, usigombane naye. Yeye ni mkubwa wako, na amefunzwa kama nilivyofunzwa mimi. Mwombe kwa adabu akuachie umwonyeshe, maana haimgharimu kitu. AC ikiwa inawaka na inahamishwa tu, huhitaji mashine yoyote: funga geji, iwashe ipoze, chukua alenki ufunge vali ya paipu nyembamba, acha kompresa ivute gesi yote iingie kwenye yuniti ya nje. Macho yako yasitoke kwenye geji. Ikikaribia sifuri, kabla haijafika chini ya hapo, funga vali ya paipu nene na uzime papo hapo. Gesi yote imelala ndani, mteja hatanunua nyingine. Akiiona hela aliyookoa, atakusikiliza na mengine. Vaa glavu, gesi ikiwa bado kimiminika ikikugusa inaunguza kama moto kwa baridi yake. Na akikwambia uongeze gesi kwenye AC inayovuja bila kuitafuta tundu, pake povu la sabuni kwenye maungio yote kwanza. Kuchaji juu ya tundu ni kumwaga taratibu.

Kompresa ikiwa imekufa, hapo ndipo inapotakiwa mashine ya kuvutia gesi. Nilikuwa sina. Mwezi uliopita mafundi watatu wa mtaani tumechangishana, tumenunua moja iliyotumika pamoja na mtungi wake, na tunapeana zamu. Yangu ni Jumatatu na Alhamisi. Wale vijana wawili niliowafundisha vibaya nimewatafuta. Mmoja amekuja kujifunza, mwingine yuko Mbeya, nitampigia tena.

Lile duka la vitambaa lina AC nne za R22 zinazotolewa, na mbili kati yake kompresa zimeungua. Nimemwomba mwenye duka asimruhusu mtu kuzigusa mpaka Alhamisi ya kwanza ya likizo yako. Njoo na glavu zako, za hapa zote zimekuwa kubwa kwa mkono wako.

Mama yako anakusalimu, anasema ule vizuri.

Mimi baba yako.