Malalamiko kuhusu mizani ya baruti inayopunguza uzito bila kuonyesha dalili

Houston, Texas
14 Juni 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Idara ya Vifaa vya Kujazia Risasi.

Ndugu Meneja,

YAH: KASORO YA MIZANI YA KIDIJITALI YA KUPIMIA BARUTI NILIYONUNUA TAREHE 8 MACHI 2025

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu niliyenunua mizani hiyo kwa dola 189, na nakala ya stakabadhi nimeiambatisha pamoja na barua hii. Ninaandika kwa Kiswahili kwa ushauri wa mhudumu wenu wa simu, Mtanzania mwenzangu, aliyenisikiliza kwa subira na kunihakikishia kwamba barua itasomwa na mtu anayeielewa lugha. Sababu ya kuandika ni majibu ya barua pepe niliyopokea kutoka idara yenu tarehe 29 Mei, yaliyosema kwamba kasoro niliyoieleza, yaani mizani kusoma uzito pungufu kadiri muda unavyopita, inatokana na ulengaji wangu na kwamba mizani ni nzima. Majibu hayo hayalingani na nilichokipima, na kwa kuwa jambo lenyewe linagusa usalama wa watu, siwezi kulinyamazia.

Najaza risasi zangu mwenyewe, yaani natia baruti na kichwa kwenye ganda tupu, kwa bunduki ya .308 Winchester, kwa ajili ya mashindano ya yadi 600 ya daraja la F-TR, ambamo mshindani hulala kifudifudi, bunduki ikiegemea miguu miwili ya mbele, na duara la alama 10 lina upana wa inchi 6 tu. Anayelenga duara dogo kiasi hicho kwa umbali huo hana budi kuhakikisha kila ganda linaingia baruti ya uzito uleule, maana greni moja (kipimo cha uzito, takriban gramu 0.065) ya baruti kwenye risasi ya aina hii hubadilisha mwendo kwa takriban futi 50 hadi 60 kwa sekunde. Ndiyo maana nilinunua mizani inayotangazwa kuwa haikosei zaidi ya sehemu ya kumi ya greni.

Usiku wa Ijumaa tarehe 16 Mei niliiwasha mizani na kuiacha ipate joto kwa dakika 30 kama kitabu chenu cha maelekezo kinavyotaka, kisha nikairekebisha kwa jiwe lililokuja ndani ya boksi lake. Feni ilikuwa imezimwa, madirisha yamefungwa, na simu niliiacha chumba kingine, kwa sababu najua kwamba upepo na mawimbi ya simu huzisumbua mizani za namna hii. Nilijaza risasi 40 kwa muda wa dakika 50 hivi, na kila ganda nikaliandika namba kwa kalamu ya wino mzito, kuanzia 1 hadi 40, kwa mpangilio uleule niliolijaza. Kila niliporudisha kisahani kitupu, kioo kilionyesha 0.0. Ninaomba mlizingatie jambo hilo, kwani ndilo lililonifanya niiamini mizani hadi mwisho wa kazi.

Kesho yake, uwanjani, nilizichanganya kwa makusudi. Risasi 10 nilizipiga kwa yadi 100 na 20 kwa yadi 600, na katika kila fungu nilihakikisha kuna za mwanzo, za katikati na za mwisho, tena nikazifyatua bila kufuata namba zake, ili joto la mtutu, uchovu wangu au jua lililokuwa likipanda visije vikadhaniwa kuwa chanzo cha tofauti yoyote. Kipima mwendo kilikuwa kando ya mtutu muda wote. Nilipozipanga namba tena kwa mpangilio wa kujaza, picha ilikuwa wazi mno: risasi za namba 1 hadi 10 zilikuwa na wastani wa futi 2,648 kwa sekunde, na za namba 31 hadi 40 wastani wa futi 2,686. Mwendo ulipanda kufuatana na dakika nilizokaa mezani usiku ule, wala haukufuata mpangilio wa kufyatua. Mkono unaotetemeka unaweza kuipeleka risasi pembeni, lakini hauwezi kuiongezea mwendo wa futi 38 kwa sekunde, sembuse kujua ni ganda lipi lililojazwa saa ngapi.

Katika majibu yenu mlinitaka niwatumie picha ya shabaha ya yadi 100, na mlipoiona mkasema kundi langu la risasi tano lenye upana wa inchi 0.8 linathibitisha kwamba mizani haina tatizo. Kwa heshima zote, shabaha ya yadi 100 haiwezi kuthibitisha hivyo. Risasi hufika pale kwa takriban sehemu ya nane ya sekunde, muda mfupi mno kiasi kwamba tofauti ya futi 38 kwa sekunde huisogeza kwa chini ya sehemu ya kumi ya inchi, yaani kidogo kuliko upana wa tundu lenyewe kwenye karatasi. Kwa yadi 600 mambo ni mengine: risasi za namba 31 na kuendelea zilipanda juu kwa wastani wa inchi 4 kuliko zile za mwanzo, na nyingi kati yake zikatoka nje ya duara la 10. Mwenzangu mmoja wa klabu, aliyekuwa akiangalia shabaha yangu kwa darubini, aliniuliza mara mbili kama nimeigusa skrubu ya kupandishia darubini ya bunduki. Sikuwa nimeigusa.

Nilirudi nyumbani nikang'oa vichwa vya risasi 10 zilizobaki na kupima baruti yake kwenye mizani ya zamani ya mkono, ile yenye ufito unaosawazika juu ya ukingo mkali kama wa kisu, isiyotumia umeme. Namba 2 ilikuwa na uzito niliokusudia, bila kupungua wala kuzidi. Namba 38 ilikuwa imezidi kwa greni 0.7.

Baada ya hapo niliijaribu mizani yenu peke yake kwa usiku tatu mfululizo, nikitumia jiwe la gramu 2, ambalo uzito wake ni greni 30.9. Mara baada ya kurekebishwa ilisoma 30.9. Baada ya dakika 20 ilisoma 30.7, na baada ya dakika 40 ikasoma 30.4, huku jiwe likiwa lilelile, meza ileile, na kisahani kitupu kikiendelea kusoma 0.0 kila nilipokirudisha. Usiku wa tatu nilikaa mbele yake na kuiangalia namba ya mwisho ikishuka kutoka 6 hadi 5, ikasita, ikarudi 6, kisha ikabaki 5. Kwa maneno mengine, sifuri haihami. Kinachohama ni kipimo chenyewe kadiri uzito unavyowekwa juu yake, na mtumiaji anayeangalia sifuri peke yake, kama kitabu chenu kinavyomwelekeza, hana njia ya kugundua.

Hapo ndipo ulipo moyo wa malalamiko yangu. Mizani inayosoma pungufu humfanya mtu aongeze baruti. Mimi nilikuwa nimechagua uzito ulio greni 1.5 chini ya kiwango cha juu kilichochapishwa kwa kichwa na baruti ninayotumia, kwa hiyo ziada ya greni 0.7 haikunifikisha kwenye hatari, wala sikuona dalili yoyote kwenye fataki (kiwashio cha baruti kwenye kitako cha ganda) au kwenye komeo la bunduki. Lakini wapo wateja wenu wengi wanaojaza karibu kabisa na kiwango cha juu, na kwa risasi ya .308 Winchester shinikizo la juu lililowekwa na SAAMI, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya bunduki na risasi, ni pauni 62,000 kwa inchi ya mraba, ambalo halipaswi kuzidishwa na mtu anayeamini kwamba kioo mbele yake kinasema kweli. Shavu la mlengaji liko inchi chache tu kutoka kwenye komeo hilo.

Ili nisije nikawatuhumu bila kujihakiki, tarehe 24 Mei nilirudi uwanjani na risasi 20 nilizozipima kwa mizani ya mkono, nikitumia baruti ya kopo lilelile, vichwa vya boksi lilelile, na bunduki ileile. Tofauti kati ya ya polepole kuliko zote na ya kasi kuliko zote ilikuwa futi 24 kwa sekunde, na kwa yadi 600 urefu wa kundi zima kutoka juu hadi chini haukuzidi inchi 4.5. Mbili zilitoka nje ya duara la 10, zote kwa upande, na zote upepo ulipogeuka. Huyo ndiye mlengaji yuleyule ambaye barua yenu ilisema hajui kulenga.

Kwa hiyo ninaomba mambo yafuatayo. Kwanza mnirudishie dola 189, pamoja na gharama ya kuirudisha mizani kwenu kwa posta. La pili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko fedha, ni kwamba mafundi wenu wazipime mizani za toleo hilohilo kwa jiwe la uzito unaojulikana, mara baada ya kurekebishwa, kisha baada ya dakika 20 na 40, na wanunuzi wote mlio na anwani zao waarifiwe matokeo kabla hawajaendelea kuzitumia. Ninaomba pia kitabu cha maelekezo kiongezewe agizo la kukagua kwa jiwe kila baada ya risasi kumi, na maelezo yaliyoandikwa kwenye jalada langu kwamba kosa ni la mteja yafutwe.

Nimeambatisha karatasi za kipima mwendo zenye namba zote 30, picha za shabaha mbili za yadi 600, na picha za kioo cha mizani kwa usiku wote tatu. Baruti niliyoing'oa nimeihifadhi katika vichupa vyenye namba, na niko tayari kuileta pamoja na mizani mbele ya fundi wenu siku yoyote mtakayonipangia. Nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitawasilisha nakala yake katika kitengo cha kuwalinda walaji cha ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Texas.

Wenu mwaminifu,

Mteja wenu
(jina, sahihi na namba ya ankara vimo kwenye kiambatisho cha kwanza)