Kwa vijana wa kwaya, Masasi: Yeremia 29:11 msiisome peke yake

Bwana Yesu asifiwe, wajukuu zangu.

Mstari huu mnaupenda. Uko mgongoni mwa fulana zenu, uko kwenye bodaboda, na kila mwaka mpya mnatumiana kwa simu: Mungu anayajua mawazo anayotuwazia, ni ya amani wala si ya mabaya. Ni neno la kweli. Ila mmelikata kichwa, kiwiliwili mmekiacha.

Sura ya 29 ni barua. Yeremia, akiwa Yerusalemu, aliwaandikia watu wake ambao Nebukadreza alikuwa amewachukua mateka hadi Babeli. Na barua husomwa tangu salamu.

Angalieni kwanza anayeambiwa. Kiswahili chetu hakifichi: "ninayowawazia ninyi". Ni wengi. Anayeuchukua mstari huu uwe dhamana ya usaili wake wa Jumanne amejipakulia sinia la ukoo mzima.

Kisha mstari wa 10: miaka 70. Mtu wa miaka 30 barua ilipofika angekaribia 100 kabla ya kurudi kwao. Wengi walioisoma walizikwa kulekule. Waliorudi wengi wao ni watoto na wajukuu. Hanania, nabii wa uongo wa sura ya 28, alikuwa ametangaza kwamba mateka watarudi kwa miaka 2 tu, akaivunja na nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia. Akafa mwaka uleule, mwezi wa saba. Mtu akiwatangazieni muujiza wa siku 7 kwa sadaka ya kiwango, mkumbukeni Hanania kabla hamjabonyeza namba ya siri.

Sasa mstari wa 5 hadi wa 7, ambako ningependa mkae zaidi. Jengeni, pandeni, oeni, utakieni mji amani. Kazi imetangulia, ahadi inafuata nyuma. Mkulima wa korosho hahitaji mhubiri kumweleza hili. Unachimba mashimo mita 12 kwa 12, unapanda miche iliyobebeshwa (iliyounganishwa na kikonyo cha mti bora), na korosho za kuuza utazingoja miaka kama mitatu. Katikati ya mistari unaweka kunde au mbaazi, maana tumbo halingoji. Miti ikitoa maua, unakagua mashada machanga. Ukisubiri yawe meupe kwa ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, ndipo utafute dawa ya salfa, maua yamekwisha kuungua na korosho hazitashika. Kukesha kanisani hakupulizi dawa.

Na yule anayeuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya ushirika, miti ikiwa bado kwenye maua, anakula Novemba yake mwezi wa Julai, kwa bei anayopangiwa na mwenye fedha. Msimu ukifika anaimba 29:11 huku gunia si lake. Simhukumu, njaa ina nguvu. Lakini bustani ya kunde ingempunguzia haraka ile.

Mji waliotakiwa kuuombea ulikuwa wa watesi wao, hilo nalo mlione. Kwetu hapa ni pamoja na kwenda kwenye mkutano wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, hata kama mwenyekiti humpendi, kuangalia mizani inasoma sifuri kabla gunia halijapanda, na kutunza stakabadhi.

Mkikutana kwa mazoezi, mmoja asome kwa sauti mstari wa 1 hadi wa 14, asiruke, hata yale majina magumu. Na mkishona fulana mpya, mwambieni fundi aongeze mstari wa 5. Mgongoni nafasi ipo.

Babu yenu,
Masasi, Mtwara