Risala ya Wazalishaji wa Mbegu za Mahindi Lishe kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wakulima Shambani, Misungwi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa Madiwani, Bwana Shamba, Mwalimu Mkuu, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Karibu shambani. Mahindi yaliyo mbele yako ni mahindi lishe, meupe kama mengine yote, na ugali wake ni ugali tunaoujua. Ubora wake umejificha ndani ya punje, na kwa kuwa umejificha, hupotea bila mtu kugundua. Tunaomba utusikilize juu ya hilo.

Mahindi ya kawaida yana protini kama asilimia 8 hadi 10. Kasoro iko kwenye aina ya protini hiyo. Sehemu yake kubwa ni zeini, ambayo karibu haina laisini wala triptofani, yaani viini viwili vinavyojenga protini, na mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea hivyo viwili. Katika protini ya sehemu ya wanga ya punje, laisini ni karibu asilimia 2. Kwenye mahindi lishe hufika karibu 4. Jumla ya protini haipandi, ila mwili hufaidika nayo zaidi. Na kwa kuwa badiliko liko kwenye sehemu ya wanga, hata anayekoboa na kula sembe anabaki na faida, ingawa dona ni bora zaidi. Anayekula dagaa na maharage kila siku anapata laisini huko. Tunamhofia mtoto anayeachishwa ziwa kwa uji mtupu wa mahindi. Mahindi haya hayaleti vitamini A wala hayachukui nafasi ya dagaa, na hatutaki mtu ayauze kwa ahadi hiyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sifa hii inatokana na kinasaba kiitwacho opaki-2. Mwaka 1964 Edwin Mertz, Oliver Nelson na Lynn Bates wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitangaza kwamba kinaongeza laisini. Lakini punje zake zilikuwa laini kama chaki, nyepesi kwenye mizani, zikioza kwa ukungu na kuliwa na fukusi mapema. Wengi walikata tamaa. Surinder Vasal, mzalishaji wa mbegu, na Evangelina Villegas, mkemia, walifanya kazi pamoja CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano nchini Meksiko, wakichagua vinasaba vingine vinavyoirudishia punje ugumu bila kupoteza laisini. Mwaka 2000 walipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Hapa nchini tumefikiwa na Lishe K1, ambayo ni ya mchavuko huria, yaani mkulima anaweza kujiwekea mbegu yake, na machotara Lishe H1 na Lishe H2.

Shida yetu ya kila msimu ni chavua, ule unga unaomwagika kutoka kwenye mbelewele. Opaki-2 ni kinasaba kinachofunikwa: punje lazima ikipate kwa mama na kwa baba. Chavua ya mahindi ya jirani ikitua kwenye ndevu za hindi letu, punje ile ile inakuwa ya kawaida hapo hapo, haisubiri kizazi kijacho. Kwa macho, gunzi ni lile lile.

Kwa hiyo shamba la mbegu tunalitenga angalau mita 300 na mahindi mengine. Pasipo nafasi, tunapishana tarehe za kupanda kwa wiki nne, ili mbelewele za jirani ziwe zimekauka ndevu zetu zinapotoka. Wengine hudhani kulima upande wa Ziwa Victoria, nje ya zile mita 60 kutoka ukingo wa maji ambazo sheria inazikinga, kunatosha kwa kuwa upepo wa mchana hutoka majini. Haitoshi. Chavua huanza kumwagika asubuhi, wakati upepo bado unaweza kuwa unatoka bara.

Mbegu ya akiba ya Lishe K1 tunaitoa katikati ya shamba, tukiacha mita 10 kila ukingo, na tunachagua magunzi yasiyopungua 200. Anayechukua magunzi kumi mazuri anadhoofisha mbegu yake mwenyewe kwa kuzalisha ndugu kwa ndugu.

Baada ya kupukuchua, punje tunazipanga juu ya kioo chenye taa chini yake. Punje inayopitisha mwanga wote tunaitilia shaka, huenda imeingiliwa na chavua ya jirani. Iliyo nyeusi tii imebaki laini mno. Tunayoitafuta ina kivuli robo hadi nusu, upande wa juu unang'aa na wa chini umefumba kama chaki. Hata hivyo taa inaonyesha ugumu tu. Laisini hupimwa maabara, kwa kawaida kupitia triptofani, kwa kuwa hupanda na kushuka pamoja na ni rahisi kuipima.

Kuhifadhi hatukusemi kwa urefu. Mahindi na chumvi kavu hutikiswa ndani ya chupa kavu. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu bado umezidi asilimia 15 na kazi ya kuanika haijaisha. Yakishuka hadi 13 yanaingia mifuko isiyopitisha hewa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. La kwanza, serikali ya kijiji ikae na wakulima wa upande huu kabla ya mvua za vuli, tukubaliane wote tupande mbegu moja, au tugawane tarehe. Uzio hauzuii chavua. La pili, tusaidiwe gharama ya kupima triptofani kwa kila fungu la mbegu kabla ya kuliuza. Mama anayenunua kilo mbili kwa ajili ya uji wa mwanawe hana njia ya kujua kilichomo, na sisi bila kipimo hatuna haki ya kumwapia.

Tunaomba kuwasilisha.