Msituambie hakuna sheria

Mhariri,

Mara ya mwisho kuwaandikia ilikuwa juu ya feri ya Likoni, miaka 11 iliyopita, nanyi mkaikata barua yangu katikati hata nikaonekana naisifu. Nikaapa siandiki tena. Lakini ile taarifa yenu ya Jumapili juu ya akili unde kazini, yenye picha ya roboti amekaa mezani na tai shingoni, imenivunjisha kiapo. Mtaalamu wenu alisema, na nyinyi mkayapamba maneno yake kwa herufi nene, kwamba Kenya haina sheria ya kumlinda mfanyakazi anayepimwa na kufutwa na programu ya kompyuta, kwa hivyo tuwe na subira mpaka Bunge litunge moja.

Subira ya nini? Sheria ya Ajira ya 2007 haikutaja kompyuta, ni kweli. Haikutaja filimbi ya msimamizi pia, na filimbi imefukuza watu wengi. Kifungu cha 41 kinasema kwamba kabla mtu hajafutwa kwa utovu wa nidhamu, kwa utendaji duni au kwa udhaifu wa mwili, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, tena mbele ya mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha awasikize. Kifungu cha 43 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuithibitisha sababu hiyo, na iwe sababu aliyoiamini kwa dhati siku ile anafuta. Nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwa miaka 19 katika kiwanda kimoja hapa Changamwe. Vifungu hivi nimevisoma mbele ya mameneja waliokuwa wakitazama saa.

Sasa nieleze kilichonichoma. Binti ya dada yangu alikuwa akipokea simu za wateja katika kampuni moja hapa mjini, nami sitaitaja kwa sababu shauri lenyewe bado bichi. Miaka minne hana barua hata moja ya onyo. Mwaka jana wakaletewa programu inayosikiliza kila simu na kumpa mpokeaji alama: umezungumza kwa muda gani, umenyamaza mara ngapi, sauti yako ilikuwa na furaha au vipi. Wateja wake wengi ni watu wa Pwani, na nyinyi wenyewe mnajua mama wa Lamu hawezi kukuuliza habari ya bili yake kabla hajakuuliza hali yako, hali ya wazee wako na kama mvua imenyesha huko. Mtoto aliyelelewa vizuri hujibu. Mashine ikahesabu majibu hayo kuwa ni mazungumzo nje ya kazi. "Masalkheri mwanangu" ya bibi mmoja iliandikwa "masaa heri mwana gani", na pembeni ikawekwa alama kwamba mteja ana hasira. Wiki tatu mfululizo alama zikashuka. Asubuhi moja kadi yake ikakataa kufungua mlango, na alipokuwa bado amesimama na mlinzi akidhani kadi imeharibika, ujumbe ukaingia kwenye simu: hufikii kiwango, kikao chako ni saa nne. Kikao kilikuwa cha dakika 11, yeye katika chumba kidogo, meneja kwenye skrini kutoka Nairobi. Mimi kwa kuwa nimestaafu na si wa kampuni hiyo sikuruhusiwa kuingia, nikakaa nje kwenye benchi na yule mlinzi. Binti akaniambia baadaye, "Mjomba, niliuliza ni simu gani hasa niliyokosea. Akaniambia hajui, mfumo ndio unajua." Nikamwambia arudie. Mfumo ndio unajua! Basi meneja aliamini nini kwa dhati, ikiwa sababu yenyewe haijui? Na mtoto ameelezwa kwa lugha gani, ikiwa maelezo yote ni tarakimu 61 iliyozungushiwa duara jekundu? Kesi ya nyani hakimu ngedere tuliizoea, lakini ngedere angalau alikuwa na masikio.

Sisemi wakubwa wa zamani walikuwa malaika. Nilimjua msimamizi aliyefuta watu kwa sababu ya kikapu cha maembe ambacho hakuletewa. Lakini ulimjua. Jumapili ungemkuta Kongowea ananunua vitunguu, akakukwepa macho, nawe ukajua kwamba anajua. Na ukimfikisha kwa afisa wa leba, alikuwa na mdomo wa kujibu na jasho la kumtoka.

Mtaalamu wenu angesoma pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35. Kinampa kila mtu haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliotolewa na mashine pekee. Anatakiwa kuarifiwa kwa maandishi kwamba umetolewa hivyo, na anaweza kudai uangaliwe upya na watu. Kina mianya, najua. Kampuni itasema binti alikubali, kwa kuwa siku ya kwanza alitia saini karatasi 14 bila kupewa hata kiti. Itasema pia haikuwa mashine pekee, kwa sababu kuna kijana fulani aliyebofya "thibitisha". Hapo ndipo ningependa gazeti lichimbe badala ya kutuchorea roboti na tai. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Amsterdam ilikutana na hoja hiyohiyo katika kesi ya madereva wa Uber waliozimiwa akaunti zao. Ikasema mkono wa mtu uliodaiwa kuwemo katika uamuzi ule ulikuwa wa kuonyesha tu. Wala msiniambie Ulaya ni Ulaya. Mahakama zetu nazo si waoga: Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba Meta, kampuni inayomiliki Facebook, inaweza kushtakiwa hapahapa Kenya katika kesi za watu waliokuwa wakichuja machapisho ya Facebook kutoka Nairobi. Kama kampuni ya ukubwa ule inaitika jina lake mbele ya majaji wetu, hii ya kupokea simu za bili itajifichia wapi?

Na kwa kuwa nimetaja lugha anayoielewa, nimalize na hili nalo. Nilipomtafutia mtoto nakala ya Sheria ya Ajira ili asome haki yake mwenyewe, niliyoipata ni ya Kiingereza. Karani akanitazama kama nimeomba ya Kigiriki. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Mwaka 2010 tulicheza ngoma kwa ajili ya kifungu hicho. Lakini mpakiaji wa Kilindini, mchuma chai wa Kericho aliyeona mashine ikifanya kwa asubuhi moja kazi yake ya wiki, yaya wa Nyali, wote hawa sheria inayoamuru waelezwe kwa lugha wanayoielewa imeandikwa kwa lugha ambayo wengi wao hawaisomi. Halafu tunaishangaa mashine kwa kutojieleza! Nilipiga simu ofisi moja ya umma kuuliza kama tafsiri ipo. Sauti ikaniambia nibonyeze 2 kwa Kiswahili. Nikabonyeza 2. Ikaendelea kwa Kiingereza, kisha ikapiga muziki mpaka salio langu likaisha.

Pendekezo langu si la kungoja Bunge. Kwanza, barua yoyote ya kumfuta mtu isomwe kwa sauti na aliyeamua, akiwa amekaa chumba kimoja na anayefutwa. Sio skrini. Awe ametia saini kwa kalamu, na awe amewahi kufanya kazi hiyohiyo walau wiki mbili, hedifoni masikioni, akipokea wakina mama wa Lamu. Pili, siku ya kikao programu yenyewe iletwe. Iwekwe kwenye kiti cha mkabala, iwekewe na glasi ya maji kama wengine, na afisa wa leba aiulize kwa Kiswahili: simu gani, tarehe gani, neno gani? Ikinyamaza, kiti hicho akalie mkurugenzi aliyeinunua na maswali yaanze upya. Risiti ya ununuzi aje nayo.

Shauri la mpwa wangu litaendelea na sitasema zaidi juu yake. Lakini mkimwalika tena yule mtaalamu, nambari yangu mnayo. Nakala ya sheria anayosema haipo iko kwangu juu ya kabati. Aje wakati wowote isipokuwa Ijumaa mchana, ila ukurasa wa kifungu cha 41 avumilie kuusoma hivyohivyo, umemwagikiwa chai.

Mwakilishi wa wafanyakazi mstaafu,
Changamwe, Mombasa