Bingwa wa Formula 3 hakuokota taji barabarani

Mhariri,

Nimenunua gazeti hili kwa miaka kumi na sita bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Majina yamekosewa, matokeo yamechanganywa, nikanyamaza. Lakini taarifa yenu ya majuzi kuhusu Leonardo Fornaroli kutwaa taji la Formula 2, mbio za magari za ngazi moja chini ya Formula 1, mwaka 2025 imenikaa kooni. Badala ya kueleza kijana huyo wa timu ya Invicta amelipataje, mwandishi wenu alirudi nyuma mwaka mzima kumwita bingwa wa bahati, kwa kuwa mwaka 2024 alibeba taji la Formula 3, ngazi inayofuata chini ya hapo, bila kushinda mbio hata moja.

Ni kweli hakushinda. Je, mwandishi anajua mbio zile zinavyoendeshwa? Madereva ni thelathini, na gari ni la aina moja kwa wote: bodi ya Dallara, injini ya Mecachrome, tairi za Pirelli. Huwezi kumzidi mwenzako kwa kununua injini kali zaidi. Kila duru, yaani kila wikendi ya mashindano, ina mbio mbili. Jumamosi, wale kumi na wawili waliokuwa na kasi kuliko wote siku ya kupanga nafasi hugeuzwa, wa kumi na mbili akaanza mbele na wa kwanza akasukumwa nyuma yao. Mshindi wa siku hiyo hupata pointi 10. Jumapili hakuna kugeuza, na mshindi huvuna 25. Kwa hiyo dereva anayefanya vizuri kila wikendi ndiye anayetupwa nyuma kila Jumamosi, na bado anatakiwa apenye arudi na kitu mkononi. Fornaroli alifanya hivyo kwa duru kumi, toka Bahrain hadi Monza, akafikisha pointi 153. Mpinzani wake Arvid Lindblad alishinda mbio zote mbili za Silverstone wikendi moja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kabla yake katika mashindano haya, lakini akamaliza msimu akiwa wa nne. Na siku ya mwisho, tarehe 1 Septemba pale Monza, Fornaroli alikuwa wa nne na taji lilikuwa linamponyoka. Alimpita Christian Mansell kwenye kona ya mwisho ya mzunguko wa mwisho, akawa wa tatu, na taji likawa lake. Nioneshwe bahati iko wapi hapo.

Mimi ni fundi wa magari hapa Free Area, Nakuru. Nina kijana ninayemfundisha kazi, na yeye ndiye aliyenifungua macho kuhusu mbio hizi za chini ya langalanga kubwa. Msimu mzima wa 2024, na ule wa 2025, aliandika pointi kwa chaki kwenye ubao mweusi tuliokuwa tukiandikia bei ya kubadilisha oili. Kila Jumapili jioni alifuta safu moja na kujaza nyingine, akijumlisha kwa kichwa, kijana aliyeacha shule kidato cha pili kwa kukosa karo. Siku taarifa yenu ilipotoka, mteja aliyeleta Probox kutengenezwa breki aliisoma kwa sauti mbele ya watu wote, akamwambia, "Kumbe bingwa wako ni wa kuokota!" Watu wakacheka. Kijana hakujibu. Alichukua kitambaa cha oili akaufuta ubao wote. Nilipomwambia asimsikilize mteja, akanijibu, "Fundi, si mteja. Ni gazeti limeandika." Sikuwa na la kumwambia, na hilo ndilo limenifanya nishike kalamu. Mnajua neno lenu lina uzito gani kwenye gereji ya mabati? Kijana huyu alikuwa amegundua mwenyewe kwamba hesabu ina maana, kwamba nafasi ya tano leo na ya tatu kesho ni kitu, na mstari mmoja wa mtu ambaye hakufungua hata jedwali ukamvunja moyo!

Na si mbio za ng'ambo tu. Safari Rally iliporudi kwenye ratiba ya mashindano ya dunia mwaka 2021, mara ya mwisho ikiwa imekuwemo 2002, ilikuja hapa kwetu Naivasha. Kila mwaka nafungua kurasa zenu nikitafuta muda wa kila dereva katika kila hatua. Napata picha za nyama choma na msongamano wa magari barabarani. Takamoto Katsuta alimaliza wa pili mwaka ule wa 2021 nyuma ya Sébastien Ogier, na ilinibidi nipate habari zake redioni.

Ombi langu ni hili. Kila Jumatatu baada ya duru, chapisheni jedwali la Formula 2 na la Formula 3 chini ya matokeo ya Ligi Kuu. Madereva kumi wa kwanza watatosha. Wekeni safu tatu: pointi za Jumamosi, za Jumapili, na jumla. Liwe la upana wa kiganja, kwa wino mweusi kabisa, maana ule wa kijivu hausomeki ukutani kwenye moshi. Msimu mpya unakuja. Ubao bado uko pale pale mlangoni, mtupu, na chaki nimeshanunua.

Fundi wa magari,
Free Area, Nakuru